Niliowaita Binamu

Nyie vijana mnaokuja kukaa hapa kwangu Somanda na simu zenu, mkitaka niwafundishe kuingiza sauti kwenye picha za nje, leo nawaambia. Lakini nawaambia kwa mpangilio wangu mwenyewe, na atakayenikatiza kuniuliza habari za programu ya simu inayotafsiri yenyewe, namfukuza. Mimi Maduhu, mnayemwita Mzee Kipaza, nimetafsiri picha miaka thelathini na ushee. Za Kihindi, za Kichina, za Kikorea, na mwisho ya Kithai. Hiyo ya Kithai ndiyo iliyonitoa kwenye maiki. Mpaka leo nikiikumbuka nashika kifua.

Najua mnachosema huko nje. Mnasema Mzee Kipaza aliwawekea watu wa Sapiwi picha ya wanaume wawili wanaopendana, nusura apigwe viti. Ni kweli, niliiweka, mchana kweupe, tena kwa hiari yangu. Ila hamjui kwa nini, na ndiyo maana mnacheka.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Tungaraja, Mungu amrehemu. Enzi hizo hakuna cha flashi wala projekta. Ni televisheni moja yenye mgongo mkubwa, deki ya kanda, jenereta linapiga kelele nyuma ya ukuta, na mtafsiri amesimama pembeni na maiki akisema papo hapo. Ukikosea, umekosea mbele ya watu mia. Mzee Tungaraja hakujua Kichina hata neno moja. Alikuwa anatafsiri nyuso. "Maduhu," ananiambia, "mtu akikunja ndita, wewe mtukane mtu. Akitoa machozi, mtaje mama yake." Na kweli watu walikuwa wanalia! Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakutaka mzaha nayo: picha ambayo hujaiona mwisho wake, usiifungulie mdomo.

Niliivunja mara ya kwanza nikiwa bado mbichi. Nililetewa kanda mbili za picha moja, nikaweka ya pili kwanza. Steringi, yule shujaa wa picha, akafa, akazikwa, watu wakasikitika sana. Naweka kanda nyingine, huyo steringi anatembea sokoni anakula embe! Kibanda kizima cha video kikageuka kuniangalia. Nikasema, "Huyu ni mdogo wake, wamefanana mno, amekuja kulipa kisasi." Wakapiga makofi. Mzee Tungaraja alinivuta sikio mpaka nikaona nyota. Kosa langu ni kwamba sikujifunza maumivu, nilijifunza makofi. Nikajua kwamba ukiwa na ulimi mwepesi, hakuna shimo usiloweza kulifukia.

Ufundi wenyewe niwape huu, ni bure. Usile karanga kabla ya kurekodi, zinakwama kooni. Kunywa maji ya uvuguvugu. Chumba kitundike magodoro ukutani, sauti isirudi. Adui mpe sauti ya puani, bibi kizee mpe sauti ya taratibu, na muziki ukianza kulia, wewe nyamaza, acha watu walie wenyewe. Nyie mnaongea mwanzo mwisho kama wapiga debe. Mtu anakufa kwenye kioo, na wewe bado unaongea!

Halafu kuna mambo mawili ya huku kwetu ambayo mtafsiri wa Dar hayajui. La kwanza ni majina. Mtu wa Bariadi hawezi kumlilia mtu ambaye jina lake halimkai mdomoni. Kwa hiyo sisi tunawabatiza. Bahili kwenye picha unampa jina la muuza duka fulani anayejulikana, na mwenye duka mwenyewe anakuja kuangalia, anacheka kuliko wote. La pili ni undugu. Msukuma akiona watu wawili wamekaa pamoja kwenye kioo, swali lake la kwanza ni: hawa wanaitanaje? Usipomjibu mapema, hafuatilii picha, anabaki kuwaza. Kwa hiyo unasema haraka, huyu mjomba, huyu shemeji, huyu shangazi aliyeolewa mbali. Hata kama siyo kweli. Tumewapa Wachina shemeji ambao hawajawahi kuwaona.

Sasa njooni kwenye ya Kithai.

Kulikuwa na binti anaitwa Nyamizi, ana kiduka cha simu na flashi kwenye njia ya kwenda hospitali. Kiingereza changu mimi ni cha dharura, cha kuombea maji. Nyamizi anakisoma vizuri, basi alikuwa ananisomea yale maandishi ya chini, mimi nayageuza Kiswahili na kuyatia chumvi, halafu yeye anakata na kuunganisha kwenye kompyuta. Msimu mmoja, watu wameshauza pamba, wana nafasi, wenye vibanda wananipigia kuanzia Lagangabilili mpaka Sapiwi wanataka kitu kipya. Nyamizi akanijia na tamthilia ya sehemu kumi na mbili. "Mzee, hii ina mizimu, ina mauaji, ina polisi. Itawapagawisha."

Nikaangalia sehemu ya kwanza tu, nikasema hii ni yetu kabisa! Kijiji kando ya mto. Watu wanakufa mmoja mmoja, matumbo yanawauma, wanatapika damu. Wanakijiji wanasema kuna bibi kizee ameingiwa na pepo anayekula watu matumbo. Huko kwao wana jina la huyo pepo, wana kamba nyeupe za kujifunga mkononi wasiliwe, wana mganga anayecheza ngoma mpaka anaanguka. Serikali inaleta askari mpelelezi kutoka mji mkuu, na huyo askari anakaa nyumba moja na mjukuu wa bibi, kijana mpole anayechonga vinyago. Wanaanza kuchunguza pamoja. Nikasema, haki ya nani, hapa ukibadilisha mpunga ukaweka pamba, uko Simiyu.

Nikabatiza. Askari nikamwita Jilala. Kijana nikamwita Masunga. Na yule bibi, kwa kuwa alikuwa mzuri, mwenye huruma, anawagawia watoto wa kijijini viazi, nikampa jina la dada yangu, Kabula. Nilitaka kumheshimu. Dada Kabula ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipougua. Alikuwa anaishi Sapiwi, mjane, peke yake, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Macho yake mekundu tangu zamani, kwa sababu maisha yake yote amepikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Na nyie mmezaliwa huku, mnajua bibi mwenye macho mekundu anavyodhaniwa mchawi. Mimi pia nilijua. Lakini nikampa jina lake bibi anayeitwa mchawi kwenye picha, nikidhani natoa zawadi, kwa kuwa hadithi ilionyesha wazi kwamba anaonewa.

Sikuangalia mpaka mwisho. Wenye vibanda walikuwa wananisumbua, tukawa tunarekodi sehemu moja leo, kesho inaondoka na flashi.

Sehemu ya nne nimevaa vifaa vya masikioni, maiki iko wazi, Nyamizi yuko kando yangu ananisomea. Jilala na Masunga wamenyeshewa mvua, wameingia kwenye ghala la mpunga. Wanacheka. Wananyamaza. Nikasema kimoyomoyo, hapa patatokea nyoka. Askari akashika shavu la mwenzake, akainama, akambusu mdomoni!

Mama yangu weee! Niliruka kwenye kiti, waya ukanivuta, maiki ikaanguka chini. Nilijikuta nimesimama ukutani nimekumbatia godoro. "Nyamizi! Hiyo ni nini? Hiyo ni nini nakuuliza?"

Wala hakushtuka. "Wanapendana, mzee. Ndiyo hadithi yenyewe."

"Hadithi ni mauaji! Ni mizimu!"

"Na mizimu imo, na mauaji yamo. Kwao wanatengeneza nyingi za hivi. Wasichana hapa mjini wanazo kwenye simu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua umeiangalia yote kwanza. Si ndiyo sheria yako?"

Mimi ni Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, nina wajukuu, watu wananiamkia njiani. Na sehemu tatu zimeshatoka, watu wanamtaka Jilala kama wanavyotaka maji! Nikiacha, nitaambiwa nimeshindwa kazi. Nikiweka, nitafukuzwa mjini. Basi ulimi wangu mwepesi ukanipa dawa. Nikamwambia Nyamizi kata hapo kwenye busu, na mimi nikasema kwenye maiki: "Kumbe Jilala na Masunga ni binamu! Mama zao walipotezana zamani."

Nyamizi akaniangalia. "Mzee, binamu?"

"Binamu. Kata."

Kuanzia hapo nilifanya kazi ya punda. Wakitazamana sana, namfanya mmoja aseme, "Binamu, una kibanzi jichoni." Wakishikana mikono wakitembea, hapo sina shida, huku kwetu wanaume wanashikana mikono kutoka mnadani mpaka nyumbani. Masunga akilia askari akiondoka, nasema anamlilia ng'ombe wake aliyekufa. Ng'ombe hakuonekana popote, lakini watu walimsikitikia. Nikajiona fundi. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Ndiyo ikaja sehemu ya tisa. Nataka mnisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipofanya ubaya.

Askari na Masunga wamelala kitanda kimoja, Masunga ameweka kichwa kifuani kwa mwenzake, wanaongea kwa kunong'ona dakika tisa nzima. Sikumwacha Nyamizi asome hata mstari mmoja. Niliziba macho kwa mkono. "Kata yote! Sitaki kuona."

"Mzee, hapa anaongea kitu cha maana sana kuhusu mauaji."

"Kata!"

Alikata. Sasa sehemu imekuwa fupi, na mwisho wake ni bibi amepiga magoti mbele ya madhabahu yao, analia, anapiga paji la uso sakafuni. Watu watataka kujua analia nini. Nikaangalia uso wake, kama nilivyofundishwa na Mzee Tungaraja, nikaona ni uso wa mtu mwenye mzigo. Na nilikuwa na hasira, nataka hii picha iishe initoke. Nikachukua maiki, nikaweka sauti ya kizee, nikasema: "Ni mimi Kabula. Mimi ndiye niliyewala wote. Na bado nina njaa."

Nyamizi akavua vifaa vyake. "Mzee, hajasema hivyo. Anamwombea mjukuu wake."

"Nani atajua?" nikamjibu.

Flashi ikaondoka Alhamisi. Jumapili kibanda cha Sapiwi kilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani.

Jumanne simu ikaita. Dada Kabula hakuwa mtu wa simu, alikuwa anaishika kama kitu kitakachomng'ata. Hakunisalimia. "Maduhu, umenisema nini kwenye hilo televisheni lako?"

"Dada, sijakusema."

"Kisimani wamenipisha. Siyo kwa heshima, wameninyang'anya ndoo, wakasema maji yao yataoza. Watoto wa jirani wakiniona wanaita, bado nina njaa, bado nina njaa. Hiyo bado nina njaa ni ya wapi?"

Nilikaa chini palepale, kwenye vumbi, mbele ya duka la Nyamizi.

Nilipanda bodaboda nikaenda. Mambo niliyoyakuta, sitayasahau. Napita kwa majirani nawaamkia "mwadila," hakuna anayeitikia. Kuna mtu anaitwa Sayi, mashamba yao yanapakana, ndama wake wawili walikuwa wamekufa wiki iliyotangulia. Alikuwa ameshakwenda kwa mganga, na mganga alikuwa amemwambia muuaji ni mwanamke, mzee, upande wa jua linapozama. Nyumba ya dada yangu iko huko. Hata hivyo alikuwa anasita, kwa sababu watu walimpenda dada. Aliyemwondolea kusita ni mimi. Alisimama kibandani, picha ilipoisha, akasema, "Mmesikia? Hata ndugu yake wa tumbo moja ameshindwa kuficha. Amemtaja kwa jina."

Kikao cha kijiji kilikuwa kimeitishwa Jumatatu inayofuata, cha kumjadili Kabula. Dada alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha, ameshafunga nguo zake kwenye kanga. "Wakinifukuza tu nitashukuru," aliniambia. "Bibi wa kule bondeni hawakumfukuza. Walimkuta kitandani na mapanga yao." Akaendelea kuchambua mchicha. Nililia, jamani. Mwanaume mzima nililia kama mtoto, na yeye ndiye akanipa upindo wa kanga nijifute.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Sayi naye akaitwa. Nikawaambia nimetunga, yale maneno ni yangu, bibi wa kwenye picha hajasema hivyo. Sayi akacheka kwa dharau. "Kaka lazima amtetee dada. Wewe ulisema kweli wakati hujajua nani anasikiliza. Sasa umejua, ndiyo unaruka."

"Kama bibi siye," mwenyekiti akauliza, "nani aliyewaua?"

Sikujua! Mtafsiri mzima, sehemu tisa nimetafsiri, na muuaji simjui. Nilikuwa nimemkata nikamtupa.

"Basi kaionyeshe ile uliyokata," mwenyekiti akasema. "Tuone wenyewe, Jumamosi. Kikao ni Jumatatu."

Nilirudi Somanda, nikamwambia Nyamizi afungue dakika tisa zile. Safari hii sikuziba macho. Alinisomea mstari kwa mstari. Masunga, akiwa amelala kifuani kwa mwenzake, anasema kwamba miaka kumi sasa anamjua muuaji. Ni mkuu wa kijiji. Alimwona akitia sumu ya panya kwenye pombe ya matambiko, anaua wenye mashamba ya kando ya mto, halafu anasambaza uvumi wa pepo. Askari anamuuliza, kwa nini hukusema? Masunga anajibu kwamba mkuu yule alimfumania zamani akiwa na kijana mwenzake, akamwambia, ukifungua mdomo na mimi nafungua wangu. "Nimemwacha bibi yangu aitwe mchawi miaka kumi," anasema, "kwa sababu naogopa wajue ninampenda nani."

Nilimwambia Nyamizi arudishe nisikie tena. Akarudisha. Nikajaribu, nawaapia nilijaribu, kutafuta namna ya kuieleza bila lile jambo. Nikasema labda mkuu alimfumania akiiba. Labda akivuta bangi. Lakini wako kitandani! Watu wa Sapiwi wana macho, na Sayi anasubiri nidanganye mara moja tu. Mapenzi yao ndiyo kufuli la kesi nzima. Ukiyatoa, bibi anauawa.

"Mzee, hii ukiiweka hadharani unaweza kukamatwa," Nyamizi akaniambia.

"Najua."

"Basi nakuja na wewe. Nani atakusomea?"

Jumamosi saa nane mchana, kibanda kimefurika. Kina mama ambao hawajawahi kukanyaga humo walikuja. Dada Kabula nilimweka benchi la mbele, pembeni yangu, na benchi zima akakaa peke yake. Nilisimama na maiki mkononi kama zamani za Mzee Tungaraja, Nyamizi sikioni kwangu. Nikasema: "Ndugu zangu, mimi Maduhu ni mwongo. Jilala na Masunga siyo binamu. Hawana undugu wowote. Wanapendana, kama mtu na mkewe. Nililificha hilo, na katika kulificha nikamsingizia bibi asiye na kosa. Leo nasema kilichosemwa, hakuna chumvi."

Nyie! Kibanda kililipuka. Mzee mmoja alitema mate, akatoka na fimbo yake. Wengine wakamfuata. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni huyo, anatuletea laana!" Kiti cha plastiki kikanipita sikioni kikagonga ukuta. Kina mama wamefunika nyuso kwa kanga, ingawa wengine niliona wameacha upenyo. Nikaendelea kusema. Masunga anasema, nami nasema, mkuu anatia sumu, nami nasema anatia sumu. Na taratibu zile kelele zikapungua, maana binadamu hata akichukia vipi, anataka kujua nani ameua. Hata yule mzee wa fimbo nilimwona anachungulia dirishani.

Nilipofika pale "nimemwacha bibi yangu aitwe mchawi miaka kumi," nilishindwa kumalizia. Nyamizi akachukua maiki akamalizia yeye. Halafu tukaweka sehemu ya mwisho yote, mpaka mkuu yule anafungwa pingu, mpaka bibi anafunguliwa kamba kwenye nguzo waliyotaka kumchomea, na Jilala na Masunga wamemshika huku na huku wanampeleka nyumbani.

Taa ikawashwa. Mwenyekiti akamgeukia Sayi. "Ndama wako, daktari wa mifugo aliwaona?"

"Hapana."

"Walivimba wapi?"

"Shingoni, chini ya sikio."

"Hiyo ni ndigana, ugonjwa wa kupe, Sayi. Hata mtoto anayechunga anaijua. Jumatatu hakuna kikao."

Sayi hakuomba radhi, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Sitawadanganya kwamba kijiji kiligeuka malaika. Wako wasiomsalimia dada yangu hadi leo, na wako wengi zaidi wasionisalimia mimi. Vibanda vitatu vilikataa kazi zangu, maiki sikuishika tena, na paroko aliniita, tukaongea muda mrefu, nikatoka nimechoka. Nami sijawaambia kwamba nawaelewa wale vijana wawili. Nimezaliwa huku, nimekulia huku, mshtuko ule wa ghalani bado ninao. Nasema tu nilichokiona: kwamba walipendana, na kwamba aibu ya watu ilimpa muuaji miaka kumi.

Watu walipokuwa wanatoka, wengine wakisogea kumpa dada mkono kwa woga, yeye hakuinuka. Alikuwa bado anakitazama kile kioo kitupu kwa yale macho yake mekundu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuona picha maishani. Akaniita, "Maduhu."

"Naam, dada."

"Yule kijana alijua kweli, akanyamaza, kwa kuwa wangemuua."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe nani alitaka kukuua?"

Maiki ilikuwa bado mkononi mwa Nyamizi, imewashwa, na swali lile lilisikika mpaka kisimani. Nilifungua mdomo nimjibu, mimi ambaye sijawahi kukosa neno la kufukia shimo, na halikutoka hata moja.